Picha ya Kimo Changu

Machi 2

Mvua imeanza kweli leo, si ile ya kutania. Tulikuwa juu ya jukwaa Nyapara alipopiga filimbi, tukashuka wote tukiwa chapachapa. Zege halimwagwi kwenye mvua. Tumekaa bwenini tangu saa nne, watu wanacheza karata na kugombana. Mimi nimeamua kuandika, kwa sababu mikono ikikaa bure moyo unaanza kuzurura. Shule niliiachia darasa la sita. Atakayesoma asinicheke.

Nilimpigia mke wangu. Nikamsikia mtoto nyuma yake.

"Njoo umsalimie baba," mama yake akamwambia.

"Baba gani?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza ndoo gani. Mke wangu akacheka ili nisiumie. Na mimi nikacheka ili asijue nimeumia.

Machi 3

Mvua. Karata. Redio ameongea kutwa nzima.

Machi 5

Redio ni jirani yangu wa kitanda. Kwao na kwetu ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, ndiyo maana tunavumiliana. Jina hilo tulimpa kwa sababu hana kitufe cha kuzima.

Leo nilitumwa ofisini kupeleka misumari iliyokosewa, nikaona mashine ya ramani ikifanya kazi. Inatoa karatasi ndefu kuliko mlango. Ngazi, madirisha, nguzo, vyote inavitoa. Nilisimama pale nikitiririsha maji sakafuni, nikajiuliza: je, mtu inaweza kumtoa?

Niandike sababu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Mwaka jana nilipata likizo ya mwezi mmoja. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, na mimi niliondoka kabla hajaota jino. Nilipoingia mlangoni alipiga yowe mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Likizo karibu yote hakukaa chumba nilichokuwamo. Nikiingia, anatoka. Akitaka maji anamwambia mama yake, "Yule mtu amekaa karibu na mtungi." Siku aliyoniletea kiatu chake nimfunge kamba ndiyo siku niliyokuwa nafunga begi.

Mwaka huu likizo yangu ni wiki mbili tu, mwezi wa sita. Nikianza upya na mayowe, nitaondoka tena nikiwa yule mtu. Lakini Redio anaenda nyumbani kabla yangu, mwisho wa Aprili. Akibeba picha yangu ya kimo changu kamili, ikabandikwa nyumbani, mtoto atakuwa na mwezi mzima wa kuizoea sura. Nikifika mimi, nitakuwa mtu anayemfahamu, ila sasa anatembea.

Nilimweleza Redio.

"Kimo chako chote? Ndugu yangu, unataka kumzoesha mtoto au kufukuza ndege shambani?"

"Utabeba au hubebi?"

"Nitabeba. Kwani wewe una uzito gani ukiwa karatasi?"

Machi 6

Nimekwenda duka la picha mjini kwanza, nisije nikaonekana mwendawazimu ofisini. Karatasi yao kubwa inanitoa mpaka kiunoni. Nikawaambia mtoto ataogopa zaidi mtu asiye na miguu.

Machi 7

Nimezungumza na Dada wa Ramani. Ndivyo tunavyomwita mwanamke anayechora ramani ofisini. Hatazami mtu anapozungumza naye, anatazama kioo cha kompyuta.

"Ramani ndiyo kazi yangu," alisema. "Picha sina nafasi nayo. Ile kompyuta ya pembeni ina programu ya picha. Itengeneze picha yako iwe na kimo unachotaka, mimi nitakupa karatasi na kukutolea. Mvua ikinyesha, njoo ukae. Mvua ikikatika, toka."

"Ahsante sana, dada."

"Na uvue viatu. Tope."

Ana maringo huyu. Lakini nimepata nilichotaka, kwa hiyo maringo yake ni mali yake.

Machi 8, Jumapili

Tumepiga picha nyuma ya ghala. Redio alitaka niazime koti la mtu. Mke wangu akasema kwenye simu, "Usivae helmeti, wala usivae kitu ambacho hutakuja nacho." Nikavaa shati langu la bluu la kila siku.

"Cheka," akasema Redio. "Unaonekana kama umekamatwa."

"Nimecheka."

"Hayo ni meno tu. Cheka!"

Kisha akanipima kwa futi ya chuma, nimeegemea ukuta, kisigino mpaka utosini. Mita moja na sentimita sitini na nane.

"Nilidhani mimi ni mrefu zaidi."

"Ulikuwa. Mifuko ya saruji imekukandamiza."

Machi 10

Mvua kubwa. Nimekaa kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, miguu mitupu kama niko msikitini.

Picha ilifunguka vizuri. Ina ukuta mrefu, dimbwi, na kidole cha Redio pembeni. Kuna chombo cha kukatia: unavuta fremu kwa kipanya, kilichobaki nje ya fremu kinafifia. Nikaivuta taratibu mpaka ikanikumbatia, juu nywele, chini visigino. Hapo nikaacha. Sisi wa kikosi cha mbao tuna sheria: mstari kwanza, msumeno mwisho. Unachora, mambo mengine yote yanawekwa sawa, Nyapara anakagua, ndipo unakata. Ubao ukishakatwa haurudi. Mwaka wangu wa kwanza nilikata mbao za nguzo kabla hajakagua, na matusi aliyonitolea siku ile bado nayasikia nikivuta msumeno.

Basi, mstari ukiwa umekaa, nikapanda juu kwenye orodha kutafuta neno la kubadili ukubwa. Nimeliona. Lakini maneno mengine yote ni meusi, lenyewe ni la kijivu. Nikalibonyeza. Kimya. Nikalibonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba kipanya ni nyundo. Kimya.

Mvua ikakatika. Nikatoka.

Machi 12

Leo nimezima kompyuta na kuiwasha upya, maana Redio anasema vifaa vyote huponea hapo. Nikafungua picha, nikaweka mstari wangu, nikaenda kwenye neno. Kijivu.

Machi 13

Kijivu. Nikamwita Dada wa Ramani. Kwa aibu ya kuonekana nimeharibu kitu, nilifunga kila kitu kwanza, na alipofika nikafungua picha upya mbele yake.

Akainama, akaangalia. "Mbona liko sawa?"

Nikatazama. Neno lilikuwa jeusi, limelala hapo kama halijawahi kunikosea maishani.

"Dada, sasa hivi lilikuwa la kijivu."

"Haya, limepona. Endelea." Simu yake ikaita, akarudi mezani kwake.

Nikaweka mstari. Nikapanda. Kijivu.

Mtoto mwenye homa akifika kwa daktari huanza kucheza. Lakini hii ni kompyuta, haina mtu wa kumdekea.

Machi 14

Nimemsimulia Redio. Kosa kubwa. Sasa bweni zima linasema nina mkono wa kijivu. Asubuhi mmoja alikataa nisimshikie ngazi.

Machi 20

Jua siku sita mfululizo. Tumemwaga zege la ghorofa ya pili yote. Mgongo si wangu.

Machi 24

Mvua imerudi, na mimi nimerudi. Nimefikiri usiku: pengine picha yenyewe imefungwa, kama ghala lenye kufuli. Nikaangalia sifa zake kama alivyonielekeza Dada wa Ramani, naye safari hii alinielekeza bila kugeuka. Haikufungwa. Nikatengeneza nakala. Nikaweka mstari kwenye nakala. Kijivu.

Machi 25

Nimehifadhi picha kwa aina nyingine ya faili. Mstari. Kijivu.

Machi 27

Nimejaribu picha isiyo yangu kabisa, ya paka aliyelala juu ya mifuko ya saruji. Nimeweka mstari kumzunguka paka. Kijivu. Kwa hiyo tatizo si sura yangu. Hilo nalo ni jambo la kushukuru.

Aprili 1

Mke wangu anauliza picha imefikia wapi. Nikamwambia iko njiani.

"Njia gani hiyo isiyofika?"

"Mvua nyingi."

"Wewe acha tu, baba watoto. Atakuzoea akikua."

Akikua! Akikua atanizoea kama watu wanavyozoea mnara wa simu. Nilimwambia siachi. Sauti ilinipanda kidogo, baadaye nikaomba radhi.

Aprili 2

Kijivu.

Aprili 6

Kijivu. Nimekaa mbele yake bila kubonyeza chochote, nimelitazama tu, nalo likanitazama. Sitoki hapa kabla yako, nikaliambia. Halafu mvua ikakatika, nikatoka.

Aprili 9

Leo Dada wa Ramani ameniletea kiti chenye mgongo. Sikuomba. Akasimama nyuma yangu akiwa na kikombe chake.

"Hivi hii picha ni ya nini hasa?"

Nikamweleza yote, mayowe, mwiko wa jirani, yule mtu na mtungi. Hakucheka.

"Wangu ana miaka mitano," alisema. "Asubuhi natoka amelala, jioni narudi amelala. Mimi niko naye nyumba moja. Juzi aliniuliza kama Jumapili nitakuja tena."

Nikasema, "Pole, dada."

"Wiki ijayo nikimaliza ramani za ghorofa ya tatu, nitakaa hapa nikufanyie mwenyewe. Na ule mwisho wa roli ya karatasi pale kwenye mashine, ni wako. Usimpe mtu."

Nilimwita mwenye maringo. Hatazami watu kwa sababu akiinua macho kazi inasimama, na kazi ikisimama anachelewa kurudi. Mimi mwenyewe nikibeba mfuko wa saruji sisalimii mtu.

Aprili 15

Dada wa Ramani ameitwa makao makuu. Wiki mbili. Ameondoka bila hata kuaga vizuri, gari lilikuwa linamsubiri. Si neno, nilijiambia, Redio bado yupo mpaka mwisho wa mwezi.

Aprili 16

Nyapara ametukusanya. Mvua ni nyingi mno, kazi ya juu inasimama, wenye likizo za mwisho wa mwezi waanze Jumamosi hii. Redio alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na neno.

Baadaye alilipata. "Nikupige picha ndogo, nibebe hiyo?"

"Ndogo anazo. Anazipita kama anavyoipita kalenda."

"Basi una kesho tu."

Aprili 17, Ijumaa

Nimekuwa mlangoni pa ofisi tangu asubuhi. Kwa vile Dada wa Ramani hayupo, ufunguo anao Nyapara, na Nyapara ndiye mtu ambaye kwa miaka minne nimemwomba vitu viwili tu, na vyote alikataa. Alifika na mwavuli uliovunjika mbavu.

"Unataka nini hapa?"

"Kuingia ofisini, mkubwa. Dada wa Ramani aliniruhusu kutumia ile kompyuta ya pembeni."

"Yuko wapi sasa?"

"Hayupo."

"Basi na ruhusa yake haipo."

Sikuondoka. Maji yalikuwa yananishuka mgongoni. Nikamwambia, "Mkubwa, unaweza kunifukuza kazi. Lakini leo siondoki mlangoni hapa mpaka nijaribu." Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mimi ni mtu wa ndiyo mkubwa.

Alinitazama kama anavyotazama nguzo iliyoinama. Akafungua mlango. "Viatu," akasema.

Alikaa mezani na karatasi zake. Mimi nikaanza. Kuwasha, kufungua, kuweka mstari, kijivu. Kufunga, kufungua, kuweka mstari, kijivu. Nikabadili picha, nikarudi kwa ile ya kwanza. Kijivu. Saa sita ikapita, wenzangu wakaenda kula. Redio alichungulia dirishani, akanyoosha kidole gumba kwa alama ya kuuliza. Nikatikisa kichwa. Akaondoka polepole, na nikajua anaenda kufunga begi lake.

Niseme ukweli, macho yalinijaa. Si kwa sababu ya kompyuta. Niliona mwezi wa sita jinsi utakavyokuwa, mimi nimekaa karibu na mtungi, na mtoto amesimama nje na kiu. Nikafuta macho kwa mkono wa shati, nikaweka mstari tena, vizuri kuliko siku zote, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya.

Sikumsikia Nyapara akija. Nilisikia tu pumzi yake juu ya kichwa changu.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mkubwa."

"Na hiyo fremu ni mstari wa kukata?"

"Ndiyo."

Akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Nyapara hawezi kupita mstari wa mtu bila kuukagua. Hata mstari wa chaki wa watoto barabarani nadhani angeukagua. "Kisigino cha kushoto umekipunja. Teremsha." Nikateremsha. "Juu umeacha nafasi, nywele zako hazifiki huko. Shusha." Nikashusha. "Kulia ni sawa. Kushoto ni sawa." Akatazama tena kona zote nne.

"Umenyooka. Kata."

"Mkubwa, bado sijaongeza ukubwa. Nikikata sasa..."

"Nimesema nimekagua. Kata!"

Nikiambiwa kata na mtu huyu, mkono wangu hausubiri kichwa. Nilibonyeza kitufe cha kukubali. Ukuta ukatoweka, dimbwi likatoweka, kidole cha Redio kikatoweka. Nikabaki mimi. Na kule juu kwenye orodha, neno la kubadili ukubwa lilikuwa jeusi tititi.

Nilikaa nikilitazama. Kisha nikacheka, nikacheka mpaka Nyapara akauliza kama nimeugua. Lile neno halikuwa limeharibika hata siku moja. Programu ilikuwa inanisubiri. Nimeanza kukata sijamaliza kukata, nayo haifungui kazi ya pili kabla ya kwanza kwisha. Ndiyo maana Dada wa Ramani alilikuta jeusi: mbele yake nilifungua upya, sijaweka mstari. Wiki zote hizi nilikuwa naiwekea kompyuta sheria ya mbao, na mbao za kule ndani zinarudi zikikatwa. Kuna kitufe cha kurudisha. Nimekiona leo.

"Sentimita ngapi?" akauliza Nyapara.

"Mia na sitini na nane."

"Nilidhani wewe ni mrefu zaidi."

Tukaandika. Mashine ya ramani aliiwasha yeye mwenyewe. Ilianza na nywele. Kisha paji la uso, macho, yale meno ambayo Redio hakuyaamini. Inatoa rangi nyeusi tu, kwa hiyo shati la bluu limekuwa la moshi. Ukisogea karibu mimi ni ukungu wa nukta, ukirudi mlangoni mimi ni mtu. Ilipofika viatu, karatasi ya roli ilibaki kama shubiri moja.

Nyapara aliishika upande wa juu, mimi upande wa chini. Akachukua futi yake, akapima kichwa mpaka kisigino. Hakusema kitu. Kwake yeye hiyo ni sifa.

Aprili 18

Redio ameondoka alfajiri. Picha tumeitia ndani ya bomba la plastiki, tukaziba huku na huku. Ameibeba begani kama bunduki.

"Nikiulizwa njiani nimebeba nini?"

"Sema umebeba mtu."

"Nitasema nimebeba mzigo unaolalamika."

Bweni limekuwa kimya. Sikujua kimya kina kelele hivi.

Aprili 22

Imefika. Mke wangu ameibandika nyuma ya mlango wa sebuleni. Mtoto amepiga yowe.

Aprili 23

Amepiga yowe. Kisha ametoka kwa mlango wa nyuma.

Aprili 26

Dada wa Ramani amepiga simu kwa Nyapara kuulizia ramani, na mwishoni akauliza kuhusu picha. Nyapara akanipa simu. Nikamwambia ilivyokuwa. "Kumbe fremu!" alisema. "Na mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yako." Kisha akauliza mtoto amesemaje. Nikamwambia anapiga mayowe. Akasema, "Mayowe ni mwanzo. Angenyamaza ndipo ungeogopa."

Aprili 29

Hapigi yowe tena. Anapita mlangoni akiwa amefumba macho. Mke wangu anasema amejigonga kwenye stuli.

Mei 3

Mvua inaelekea kwisha. Asubuhi tulirudi juu, jioni nilishuka magoti yakitetemeka. Nilikuwa sijavua viatu mke wangu alipopiga simu.

"Kuna matata hapa," alisema, lakini sauti yake haikuwa ya matata. "Mtoto hataki kulala. Amesimama mbele yako hapa mlangoni. Anataka nikubandue."

"Bado ananiogopa?"

"Sikiliza. Tangu jana anazungumza na wewe. Leo amekuonyesha kidonda chake. Sasa ananiambia, 'Mama, baba amesimama tangu asubuhi. Amechoka. Mlaze.' Ametandika mkeka, ameleta na shuka. Nimwambie nini?"

Nilikaa kitandani. Mke wangu akaita alo, alo, akidhani mtandao umekatika.

"Nipo," nikamwambia. "Mwambie anilaze. Ila asubuhi na mapema aniamshe."